Nani Achague Jiko

Kwenye familia niliyoolewa, ukichagua kitu, umekioa. Utakisafisha, utakipeleka kwa fundi, na kikiharibika utaulizwa wewe. Sheria hii aliiweka marehemu baba mkwe, aliyekuwa mtunza stoo maisha yake yote na akaileta stoo mpaka nyumbani. Kazini kwake aliyechagua mali ndiye aliyetia sahihi, na aliyetia sahihi ndiye aliyejibu. Akaona ni jambo jema, akawalea nalo watoto wake watatu.

Matokeo yake nimeishi nayo miaka tisa. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alisema siku moja kwamba tangi jeusi la maji ni zuri kuliko la bluu. Siku hizi amehama, ana mke na nyumba yake upande wa pili wa mji, lakini kila mwisho wa mwezi anakuja na brashi na ndala, anaingia ndani ya tangi, na sisi tunamsikia akitukana kutoka humo. Wifi yangu alichagua mapazia ya sebuleni akiwa bado msichana. Leo ana watoto wawili na anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mapazia bado anayafua yeye. Ndiyo maana watu hawa wakiingia dukani utadhani wamekuja kukagua dari. Wanajitia hamnazo, kila mmoja anamuuliza mwenzake, "Wewe unaonaje?" na hakuna anayeona chochote. Birika la chai lilituchukua wiki tatu.

Mimi sikuyajua hayo nilipokuwa bibi harusi wa wiki mbili. Walinipeleka dukani wote, wakanizunguka wakitabasamu, wakaniuliza jiko lipi zuri. Nikajiona nathaminiwa kweli! Nikanyoosha kidole kwenye jiko la gesi la plati mbili, jeupe, na wote wakashangilia. Nilifikiri wanashangilia jiko.

Mwanzoni halikunielemea. Nilikuwa mkataji kwenye kiwanda kidogo cha nguo. Napanga vitambaa tabaka juu ya tabaka, nachora kwa chaki, kisha napitisha mashine, suruali arobaini kwa mkato mmoja. Ukikosea upana wa ukucha, umeharibu arobaini. Sikuwa nakosea. Nyumbani nilipika jioni tu, na mchana Mama, yaani mama mkwe, alijipikia mwenyewe, kwa hiyo nilikuwa na kazi na nilikuwa na jiko na vyote vilienda.

Kisha Mama akaanguka bafuni akavunjika nyonga. Ikawa lazima mtu akae naye mchana na ampikie, na familia nzima ikageuka kunitazama mimi, mwenye jiko. Niliacha kazi "kwa muda." Muda wenyewe ulikuwa umefika miaka mitatu siku ile ninayotaka kuisimulia.

Ilianza mwezi mmoja kabla. Mama, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alibandika maji, yakachemka yakafurika yakauzima moto, na gesi ikaendelea kutoka. Tangu alipougua mafua makali mwaka juzi, Mama hasikii harufu ya kitu chochote, iwe manukato au panya aliyekufa. Alikuwa ameketi palepale kando ya jiko anamenya viazi, dirisha limefungwa. Mimi nilikuwa uani naanika nguo. Harufu ilinipiga mlangoni. Nilifunga mtungi, nikamvuta Mama hadi nje na kisu chake mkononi, na yeye ananiuliza kwa hasira viazi vimekosa nini.

Fundi wa gesi alikuja akalifungua jiko, akatikisa kichwa. Swichi zimelegea, akasema, mtu asiliguse tena. Nilijikaza nisicheke mbele yake. Jiko langu lilikuwa limekufa, na kwa sheria ya marehemu mzee, mali ikifa na sahihi imekufa. Nilikuwa huru. Atakayechagua jiko jipya ndiye atakayesimama mbele yake.

Walilijua hilo wote. Mwezi mzima tulikula mikate na vyakula vya kununua, Mama akanywa chai ya chupa kutoka kwa wifi, na hakuna aliyetaja neno jiko. Mpaka Alhamisi ile msimamizi wa kiwanda aliponipigia simu. Mkataji wao amehama. Meza iko wazi, kazi inaanza Jumatatu, nijibu kabla ya saa nane mchana siku ya Jumamosi, maana kuna mtu mwingine anaisubiri.

Nilimwambia mume wangu jioni ileile, pacha wetu walipokwisha kulala. Yeye ni mwalimu wa udereva, kila jambo analiendea na mguu juu ya breki.

"Ni habari njema, Mama Pacha," alisema. "Lakini twende taratibu. Kwanza tumalize la jiko."

Basi Jumamosi saa sita tukaenda kulimaliza. Tulikuwa wanne: mume wangu, wifi, Mama na mimi. Mama hakutakiwa kuja, alijiingiza mwenyewe kwenye gari akakaa.

Duka lenyewe lilikuwa jembamba na refu, friji upande huu, majiko upande ule, njia ya kupita mtu mmoja na nusu. Muuzaji, dada mmoja mwenye kalamu kichwani, alimpa Mama kiti cha plastiki, kikaziba njia mbele. Mume wangu alisimama nyuma yangu, na wifi akasimama pembeni na mkoba wake mkubwa. Nilipotaka kugeuka ilibidi watu wawili warudi nyuma.

"Karibuni," alisema muuzaji. "Haya ya plati mbili ni ya mezani. Haya ya plati nne yana oveni chini, unabandika sufuria nne kwa mpigo. Nani mpishi?"

Wote walinitazama.

"Hatujui bado," nikasema.

Wifi alicheka. "Hatujui! Dada, usimsikilize. Huyu wifi yangu mkono wake una sukari. Watu wakila kwake wanasahau njia ya kwao. Wifi, tuambie bwana, lipi zuri? Sisi tunajua nini?"

Kilemba cha ukoka kile nilikwisha kuvikwa mara moja, nikiwa bibi harusi. Safari hii nilikiacha kianguke.

"Dada," nikamuuliza muuzaji, "wewe nyumbani unatumia lipi?"

"Mimi natumia mkaa."

Nikamgeukia mume wangu. "Baba Pacha, wewe ndiye unayejua mashine."

"Mashine za magurudumu," alisema. "Hata jiko sijui linafunguliwa wapi."

"Wifi?"

"Mimi?" Alijishika kifua kana kwamba nimemtuhumu wizi. "Mimi ni msusi, wifi yangu. Labda mniulize habari ya nywele."

Tukaendelea hivyo. Tulifungua milango ya oveni tukaifunga. Muuzaji aliwasha, akazima, akaeleza grili. Mume wangu alisema yote yana rangi nzuri, wifi akasema yote yana miguu. Mtu mwingine angecheka, lakini mimi jasho lilinitoka. Nilitazama simu: saa saba na nusu. Nikasema nakwenda nje mara moja nikapige simu.

"Tusianze kutawanyika," alisema mume wangu, na hakusogea. "Mama hajala chakula cha moto cha nyumbani mwezi mzima. Chagua tu, Mama Pacha, mambo yaishe."

Chagua tu! Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa na mume ninayempenda mbele ya mlango, na wifi anayenipenda pembeni, na kila mmoja wao alikuwa mpole kabisa, na sikuwa na pa kupita. Hawakunikataza kazi. Hakuna mtu aliyewahi kunikataza kitu katika nyumba ile.

Hapo Mama akasema, "Nisaidieni niinuke."

Tulimwinua. Alitembea na fimbo yake hadi mwisho wa rafu, akaweka kiganja juu ya jiko dogo la mezani la plati mbili, la bei ya chini kuliko yote.

"Hili," alisema. "Nimelichagua mimi."

Wifi akajaribu kucheka. "Mama nawe kwa utani!"

"Baba yenu alisemaje? Aliyechagua ndiye. Nitapika mimi. Mama Pacha anarudi kazini Jumatatu."

Sikuwa nimemwambia. Nadhani alinisikia nikiongea kwenye simu uani, maana pua imekufa lakini masikio yake ni mazima. Alinitazama mara moja, akageuka kumwambia muuzaji afunge mzigo.

Nilifurahi. Nisijifanye mtakatifu, nilifurahi kweli. Niliiona meza yangu ya kukatia, ndefu, na chaki kwenye kikopo. Nilimwona Mama kwa mbali tu, mwanamke mzima anayejua anachofanya. Nilitoa simu nikatafuta jina la msimamizi, na kidole kilikuwa kimeshafika juu yake.

"Hili halina mambo mengi," alikuwa akisema muuzaji huku analishusha. "Ni la kawaida. Kiberiti chako tu, unapika."

"Moto ukizimika wenyewe," nikauliza, "gesi inajikata?"

Mpaka leo sijui kwa nini niliuliza.

"Hili hapana. Gesi inaendelea kutoka. Ya kujikata ni hayo ya plati nne."

Alisema kwa sauti, na duka halikuwa na kelele. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama dari. Nilimtazama wifi. Alikuwa amefungua mkoba anatafuta kitu ndani yake, anatafuta kwa bidii. Ni mama yao, na wanampenda, kwa hilo sitawasingizia. Lakini kusema "hili hapana" ni kusema "lile ndiyo," na hilo lilikuwa haliwatoki kinywani. Kila mmoja alingoja mwingine aseme.

Nami nikangoja. Sijawahi kungoja watu namna ile. Nilisema moyoni, sema wewe, mwanaye wa kwanza. Sema wewe, uliyelala mgongoni kwake. Muuzaji alifunga kamba ya kwanza, akafunga ya pili. Mama alikuwa amesimama wima akijivunia jiko lake, na mimi niliona viazi, na dirisha limefungwa, na mimi nikiwa mbali nakata suruali.

Walikuwa wananingoja mimi, na walinijua kuliko nilivyojijua.

"Fungua hizo kamba," nikamwambia muuzaji. "Hilo haliendi nyumbani. Tupe lile." Na kidole changu kilikuwa hewani.

Nilisikia watu wazima wawili wakishusha pumzi.

"Sijachagua," nikasema haraka. "Nimesema hilo ni la hatari tu. Mama hasikii harufu, mnajua."

"Kidole ni kidole, Mama Pacha," alisema mume wangu. Alikuwa anacheka kwa upendo wote, anaupapasa mlango wa oveni. "Kumbe ulikuwa unajua unachotaka tangu mwanzo! Umetusimamisha saa nzima."

"Basi lile la plati nne liwe langu," alisema Mama. "Nitapika kwenye hilo hilo."

"Mama, utainamaje kwenye oveni na nyonga hiyo?" Wifi alikuwa amekwisha kunikumbatia. "Aliyechagua anajulikana. Wifi una jicho, wallahi! Plati nne! Hata sisi tukija na watoto, tumeshiba."

Muuzaji aliuliza kwenye karatasi ya dhamana aandike nani kuwa mtumiaji, na mume wangu akatamka jina langu kamili, herufi kwa herufi.

Tulirudi na boksi limefungwa nyuma ya gari kwa kamba. Wifi alikaa mbele, Mama na mimi tukakaa nyuma. Saa nane kasoro dakika tano nilimpigia msimamizi, nikamwambia meza ampe yule mwingine. Aliniuliza kama aniweke kwenye orodha kwa baadaye. Nikamwambia asiniweke. Mbele walikuwa wanajadiliana jiko litakaa ukuta upi, na mume wangu akaniuliza kupitia kioo mimi napendelea wapi. Niligeuza uso dirishani.

"Nilikuwa nimeshakutoa, mwanangu," Mama alisema kwa sauti ya chini.

"Najua, Mama."

"Ungenyamaza tu."

"Ungekufa."

"Ningefungua dirisha," alisema. Kisha akaongeza, "Labda ningesahau."

Aliuchukua mkono wangu akauweka mapajani mwake, akaushika kwa mikono yake yote miwili, kwa nguvu, na hakuuachia njia nzima. Nilimpenda sana wakati ule, na nilitamani auachie.