Jongoo Bahari Sebuleni kwa Wabwile

Mdogo wangu Wabwile ni mtu wa ng'ombe. Ukitaka kugombana naye, mwambie kuna mnyama mwenye faida kumshinda ng'ombe wa maziwa. Bintiye Ivy alimwambia hivyo sebuleni kwake Matulo, mbele ya tangi la kioo lililojaa maji ya bahari, na mimi Edinah, shangazi mtu, nilikuwa nimekaa pale nikinywa chai yangu.

Ivy amesomea viumbe vya baharini. Anafanya kazi Shimoni, kule mwisho wa pwani, na kazi yenyewe ni kulea majongoo bahari. Wabwile alikuwa amechoka kuulizwa kanisani binti anafanya nini. Akamtafutia nafasi ya kufundisha baiolojia katika shule ya wasichana huko Kitale, akazungumza na mkuu wa shule, Mwalimu Kiplimo, na kilichobaki ni Ivy kukubali. Ivy hakukubali. Lakini pia hakutaka kurudi Shimoni bila baraka, maana tangu mamake atangulie amebaki na mzazi huyo mmoja. Ndiyo maana alisafiri na jongoo mmoja, ili baba amwone kwa macho yake kabla ya kukata shauri.

Wabwile aliinama, akalitazama lile tangi. Jongoo alikuwa amelala mchangani, mnene, wa kijivu, bila haraka na mtu.

"Kichwa iko wapi?" akauliza.

"Hana kichwa, Baba."

"Macho?"

"Hana."

"Sasa hii kitu inapumua na nini?"

Ivy alinitazama kwanza, kisha akasema polepole, "Na matako, Baba."

Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Wabwile alinikata jicho. Ivy, ambaye hasira hakuzirithi kwangu, aliendelea kueleza. Jongoo humeza mchanga, akala uchafu na vitu vilivyooza ndani yake, akautoa mchanga ukiwa safi. Hujizika, akafukuka tena, na kila akifanya hivyo hewa inaingia chini.

"Ni kama nyungunyungu wa shamba, Baba. Mahali watu wamewavua wote, mchanga unaanza kunuka. Nyasi za bahari zinakonda. Na samaki wadogo si wanajificha kwa hizo nyasi?"

"Kwa hivyo umesoma miaka yote hiyo ndio uchunge nyungunyungu," akasema Wabwile.

Asiyejua maana haambiwi maana. Nilimuuliza mahindi ya baba yetu, yaliyomlipia yeye shule, yalimea katika udongo uliolimwa na nani kama si nyungunyungu. Alitoka kwenda kukamua.

Kesho yake Ivy alikwenda Kitale kumwomba Mwalimu Kiplimo amvumilie kidogo. Alituachia agizo moja: maji yasiguswe. Nami nikarudi kwangu Misikhu.

Sasa, Wabwile ana kasoro nyingi, na nyingine ningeweza kuzitaja hapa, lakini hajawahi kumwacha mnyama akae na maji ya jana. Aliona maji yamepungua kidogo, akasikia vibaya. Ivy alikuwa ameacha mitungi ya maji ya bahari stoo, lakini Wabwile alidhani maji yaliyofungiwa hivyo lazima yameoza. Akachota maji safi ya kisima. Na kwa kuwa alijua bahari ina chumvi, akatia chumvi nzuri kuliko zote alizokuwa nazo: chumvi ya ng'ombe, ile nyekundu yenye madini. Alikoroga mpaka ikayeyuka, akayamimina ndani ya tangi.

Alinipigia simu. "Dada, kuja haraka. Imetapika matumbo."

Nilikwenda nimejiandaa kumfokea. Nilipoingia nilimkuta amekaa sakafuni, kofia mkononi. Maji yalikuwa mekundu, na kando ya jongoo kulikuwa na fungu la nyuzi nyuzi kama sweta iliyofumuka.

"Nimeulia mtoto mnyama wake," akasema. "Mi nilidhani chumvi ni chumvi tu, bana."

Sikuwa nimemwona hivyo tangu tumzike mkewe. Nikakaa sakafuni pamoja naye.

Ivy alifika jioni. Aliyatazama maji, akauona mfuko wa chumvi kando ya mlango, akaelewa. Alimimina maji ya bahari ndani ya beseni safi, akamhamisha jongoo kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Hajafa, Baba. Akishtuka sana anatupa matumbo nje. Akitulia, anaota mengine."

"Anaota matumbo? Kama mahindi?"

"Wengine wanaota. Wengine wanakufa." Akafuta mikono kwenye leso yangu. "Na sina mwingine wa kukuonyesha."

Sisi sote tulijua maana yake. Jongoo akifa, Ivy hangekuwa na neno jingine la kumwambia babake, na safari ingekuwa ya Kitale.

Nilihamia pale Matulo kwa muda, eti nimsaidie Ivy kupika. Ukweli ni kwamba sikutaka kupitwa. Ivy aliliosha tangi, akamrudisha jongoo humo katika maji ya bahari, naye Wabwile akahamishia kiti chake karibu nalo. Akitoka kukamua, hata kabla ya kunawa, anakuja kuchungulia. Jongoo hakula. Angekulaje, na tumbo hana? Jambo hilo lilimtesa mdogo wangu kuliko jongoo mwenyewe.

"Hata ng'ombe mgonjwa namshika mdomo, namnywesha dawa," alilalamika. "Huyu sasa nitamshika wapi?"

"Mwache tu, Baba."

"Ng'ombe akitoka matumbo, sisi tunaita bucha. Na hii bado inatembea!"

Na kweli alikuwa akitembea. Wiki zilipita, naye alijiburuta kwa vile vijiguu vyake vidogo, ndani akiwa mtupu, akajizika, akafukuka. Mimi nimezaa, nimefiwa, nimeuza sokoni mvua ikininyeshea, na huwa nadhani najua maana ya kuvumilia. Nilimheshimu yule kiumbe. Nasema wazi, nilimheshimu.

Halafu asubuhi moja nikiwa jikoni nikasikia yowe.

"Dada! Ivy! Kujeni! Imekunya!"

Tulikimbia. Wabwile alikuwa amepiga magoti, miwani puani, uso umegusa kioo. Nyuma ya jongoo kulikuwa na kijikamba cha mchanga kilichojikunja vizuri, cheupe kuliko mchanga wote uliokizunguka. Mtu wa ng'ombe husoma afya ya mnyama kwenye mavi yake, na Wabwile aliyasoma yale kwa muda mrefu.

"Ona hiyo usafi," akanong'ona. "Hakuna hata harufu." Kisha akamgeukia Ivy. "Huko chini ya bahari wako wangapi wa aina hii?"

"Sio hao tu, Baba. Kuna chaza wanachuja maji. Kuna minyoo wanatoboa mchanga ndio upumue. Kaa nao wanakula mizoga."

"Na sisi tunasifu samaki peke yake." Alitikisa kichwa. "Hawa watu wamebeba bahari yote kwa mgongo, na hawana hata mgongo."

Siku hiyo alimchinja jogoo wake mkubwa, nami nikampika. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mgeni akipewa, ujue ni mwanamume mzito. Mwanamke haiweki mdomoni, na mimi, dada mkubwa wa Wabwile, nimempikia na kumpakulia firigisi maisha yangu yote. Aliitoa kwenye sahani yake, akaiweka kwenye sahani ya Ivy.

"Baba, hii ni yako."

"Kula, mama. Mwalimu Kiplimo nimempigia, nimemwambia atafute mtu mwingine. Wewe rudi kwa mifugo yako."

Ivy aliitia mdomoni, lakini kilio kilimzuia kutafuna. Nilimshika bega nikamwambia atafune taratibu, asiimeze upesi, kwa maana mimi sijui ladha yake ikoje, na nilitaka aniambie.