Kipa Anayefumba Macho

Picha ile sikukusudia mama aione. Niliiweka ndani ya daftari, daftari ndani ya begi, na begi nikalitundika juu dunguni, kwenye ulingo wetu wa kulindia mpunga, ambako panya hawafiki. Mjomba Polikarpo ndiye aliyeitoa. Alikuwa anatafuta kiberiti.

"Dada Merina, njoo uone," alimwita mama. "Mwanao huko Marekani anarina asali."

Mama alipanda ngazi na tope miguuni. Aliishika picha kwa ncha za vidole. Ndani yake nimesimama mbele ya goli dogo, kichwani kofia ngumu yenye vyuma usoni, kifuani kitu kama godoro, na miguuni magodoro mengine mawili yaliyofungwa kwa mikanda hadi mapajani.

"Huyu nani?"

"Ni mimi, mama."

Aliitazama tena. "Nani anakupiga, Noela?"

Nilimwambia hakuna anayenipiga. Ni mpira wa magongo, ule ule tuliofundishwa shuleni na masista, na mimi ni kipa. Mama alijua kwamba nacheza. Alidhani ni mchezo wa Jumamosi, kama netiboli. Hakujua kwamba mchezo huo ndio unaolipa ada, chakula na bweni, hata tiketi iliyonirudisha nyumbani Mei ile ya 1996, baada ya mwaka wangu wa kwanza chuoni. Nikamweleza na hilo.

"Mpira wenyewe laini?"

Nilifikiria kudanganya. "Mgumu."

"Mgumu kama nini?"

"Kama jiwe."

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo wazungu wanakusomesha ili wapate wa kumtupia mawe!"

Mama hakucheka. Aliirudisha picha ndani ya daftari, akashuka, akaenda kuendelea kuamia ndege.

Sikumwambia lililobaki. Mwezi wa kumi, katika mechi ya ugenini, mpira ulinyanyuka, ukapita chini ya kofia, ukanipiga kooni. Nililala kwenye nyasi nikisikiliza pumzi yangu ikipiga mluzi. Sauti ilirudi siku ya nne. Koo likapona, lakini macho hayakupona. Tangu siku ile, mtu akiinua gongo kunielekea, macho yanajifumba yenyewe. Siyaamrishi. Yanafumba, halafu nasikia mpira ukigonga ubao wa goli nyuma yangu.

Kocha wetu ni mama mmoja mpole, asiyependa maneno mengi. Siku ya kuagana aliniambia kwamba Agosti kutakuwa na makipa wawili na nafasi moja ya ufadhili. Nikirudi macho wazi, nafasi ni yangu. Nikirudi hivi, hataweza kunisaidia, na masomo yangu ya udongo yataishia hapo.

Kesho yake, Jumatano, pasipoti yangu haikuwemo kwenye begi.

Nilijua ni nani aliyeichukua. Nilijua pia kwamba Jumatatu asubuhi natakiwa ubalozini Dar es Salaam kuomba viza upya, na kwamba nikiikosa siku hiyo sitawahi kambi ya Agosti. Shamba letu liko ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, kwa hiyo ilinipasa kuvuka kwenda Ifakara si zaidi ya Jumamosi. Yote hayo niliyajua, lakini sikuuliza. Nilijisikia kama mtu aliyefika mtoni akaambiwa kivuko hakivuki leo. Nilikaa kitako, nikapumua. Halafu nikaogopa jinsi nilivyopumua.

Jumatano ikapita, na Alhamisi. Tulikula ugali na kambale, tukasifia kambale.

Ijumaa asubuhi mjomba alinikuta naosha sufuria. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kesho si safari wewe? Mbona begi halijafungwa?"

"Pasipoti siioni."

"Umemuuliza mama yako?"

"Bado."

"Mimi nikiibiwa wavu, hata kule Kiberege watasikia," alisema, akachukua pondo lake la mtumbwi akaenda mtoni.

Mchana ndege kwelea walishuka. Kundi kama moshi, likatua kwenye kona ya shamba karibu na matete. Mama alikuwa juu dunguni na kombeo lake na sinia la madonge ya tope. Mimi nilikuwa chini, kwenye tuta, napiga debe. Mama alizungusha kombeo mara moja, akaachia. Donge lilipita hatua nne au tano kutoka nilipo, likaenda kwa ndege. Mtoto wa miaka mitatu asingeinama.

Mimi nilitupa debe. Nilijikunja chini, mikono kichwani, macho nimeyafumba mpaka yakauma, na nikasikia mtu anapiga kelele. Kumbe ni mimi.

Mama alikuja mbio akidhani ni nyoka. "Wapi? Amekuuma wapi?"

"Si nyoka. Ni tope."

"Tope limepita kule!"

"Najua, mama."

Alichuchumaa mbele yangu. "Hii imeanza lini?"

Nikamweleza yote: koo, pumzi, macho, kocha. Alinigusa shingoni, akapabonyeza taratibu kama mtu anayepima embe.

"Na ukanyamaza."

"Na wewe ukachukua pasipoti."

"Niliichukua kwa woga," alisema.

"Na mimi sikuidai kwa woga."

Alifuta pua kwa ncha ya kanga. "Basi kaa, mwanangu. Mpunga upo, samaki wapo. Nani atakucheka?"

"Mjomba."

Kidogo acheke. Lakini mimi sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimepewa kile nilichokitaka tangu Jumatano na kikanitisha zaidi ya mpira. Goli liko Marekani. Hapa hakuna gongo wala kocha, na bado nimejikunja kwa donge la kufukuzia ndege. Nikikaa, woga huu utakaa na mimi dunguni kila masika. Nitazeeka nikimkimbia mama yangu akirusha tope.

"Mama," nilisema, "nirushie."

"Nini?"

"Tope. Nisimame hapa, unirushie."

"Una wazimu! Nimpige mtoto wangu kwa mkono wangu?"

"Ukinipiga wewe, najua hutaki kuniumiza. Wale wengine siwajui hivyo."

Alikataa, akakataa tena. Halafu akafinyanga donge dogo, akalirusha kwa mkono kama mtu anayemrushia mtoto pera. Macho yakafumba. Likanigonga begani.

"Umeona!" alilia.

"Tena."

La pili, kifuani. La tatu, shavuni. Mama alikuwa anatokwa machozi na anarusha. Mjomba alitokea na samaki mkononi, akasimama kama gogo.

"Jamani! Dada, mtoto kakosa nini?"

"Nyamaza, Polikarpo. Kanda tope."

Akaweka samaki chini, akapiga magoti, akakanda.

Mama akarudi nyuma, akashika kombeo. Sasa madonge yalikuja yakivuma. Kwelea walikuwa wamerudi kwenye kona ya matete na hakuna aliyewafukuza. Walikula mpunga wetu mchana kweupe. Nilipigwa tumboni, nilipigwa mdomoni, nikatema. Nilianza kumtazama mama mkono, si donge. Moja nililiona likitoka, likazunguka, likawa kubwa, na nikaliona mpaka likalia kwenye kiganja changu. Lililofuata nikafumba. Matano nikafumba. Kisha nikaona jingine, na baadaye jingine.

Mama akashusha kombeo. "Matatu," alisema. "Umeona matatu."

"Kati ya mengi."

"Mengi sikuyahesabu."

Alipanda dunguni, akaingiza mkono kwenye makuti ya paa, akatoa kifurushi cha nailoni. Hakunipa. Alikiweka kwenye ukingo wa ulingo, juu ya ngazi.

"Mimi sikupi," alisema. "Nikikupa, mpira ukakuua, nitakuwa nimekuua mimi. Kipo pale. Ukikitaka, kichukue mwenyewe."

Akanipa mgongo, akaanza kuwapigia ndege kelele kwa sauti iliyokauka.

Nilinawa mikono kwanza, nisichafue kurasa. Nilipanda vipande vyote vya ngazi nikitaka kurudi chini kwa kila kimoja. Kifurushi kilinuka moshi. Nikakichukua, nikakiweka kifuani ndani ya blauzi.

Mama hakugeuka. "Kivuko cha kwanza kesho saa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi shuka, usimame pale. Jua bado lipo." Akainua sauti. "Polikarpo! Ongeza tope!"

Nilishuka. Nikasimama kwenye tuta, nikamtazama mama mkono.