Ghorofa Yenye Jumla ya Sifuri

Mkurugenzi wa kiwanda cha nguo aliifuta skrini ya getini kwa leso yake mwenyewe, akarudi nyuma kidogo, akasoma kwa sauti: 7x⁵ + 2x³ − 3x² + 4x + 9. Kisha akasema hiyo ndiyo hali ya Jengo la Tatu, yote, katika mstari mmoja, na atakayetaka maelezo zaidi ya hayo anapenda umbea tu. Kabla ya kupewa kiwanda alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakuwahi kupona.

Aliyeandika programu hiyo alikuwa mwanamke wa chumba cha kompyuta ambaye wenzake walimwita Semikoloni, ile nukta-mkato inayofunga mistari ya programu, kwa sababu hakuwahi kusahau hata moja. Wafanyakazi wote waliishi katika majengo ya kiwanda, nyuma ya ghala la pamba, na mkurugenzi alitaka kila jengo lijieleze kwa polinomia. Kipeo, ile namba ndogo juu ya x, ni namba ya ghorofa. Namba iliyo mbele ya x ni hesabu ya watu: kila anayefanya kazi anaongeza moja, kila mgonjwa anayelala ndani anapunguza moja. Ghorofa ya chini haina x, ni namba tupu.

Semikoloni aliiandika kwa Java, lugha ya kompyuta, alasiri moja, huku anatafuna karanga. Programu inachukua safu ya namba kutoka kwenye daftari la makazi, inaanzia ghorofa ya juu na kuteremka, na kila inapofika inabandika kipande kwenye mstari. Namba ikiwa chanya inatanguliwa na alama ya kujumlisha, ikiwa hasi inatanguliwa na ya kutoa, na kipande cha kwanza kikiwa chanya hakitanguliwi na kitu. Ikiwa ni sifuri, inarukwa. Hakuna mwalimu duniani anayekubali mwanafunzi aandike 0x⁴, na mkurugenzi alimpigia makofi kwa kulikumbuka hilo bila kuambiwa.

Jioni hiyo watu wa Jengo la Tatu walirudi kutoka kazini wakakuta ngazi zinatoka ghorofa ya tatu na kuingia ya tano. Wale wa ghorofa ya pili, ambako wagonjwa walikuwa wengi kuliko wazima na namba ikawa hasi, ilibidi wapande hadi ya kwanza kisha washuke ngazi nyingine zenye unyevu kwenda kwao. Walilalamika kuhusu magoti. Fundi wa jengo alipitisha mkono ukutani mahali ilipokuwa ghorofa ya nne, akasema plasta imekaa vizuri.

Ghorofa ya nne ilikuwa na nyumba mbili. Upande mmoja aliishi mtia rangi wa vitambaa na baba yake aliyepooza. Upande wa pili aliishi mama mdogo wa Semikoloni, ambaye mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la pamba la miaka yote aliyosimama kwenye mashine, pamoja na binti yake, mfumaji, aliyemwosha, kumlisha na kumpa dawa kabla na baada ya zamu. Wazima wawili, wa zamu ya usiku, na wagonjwa wawili, wote wakiwa ndani. Jumla ilikuwa sifuri, na programu haikukosea.

Mama mdogo huyo ndiye aliyemlea Semikoloni tangu mama yake alipofariki. Kwa hiyo Semikoloni hakula vizuri siku zile, na hilo lisemwe hata kama hakupiga kelele. Aliogopa. Siku ya tatu alipanda hadi ghorofa ya tano, akabisha kwa mwanamume aliyekuwa akipiga pasi, akaomba kulala kifudifudi sakafuni. Mwenye nyumba alimwondolea kiti. Chini ya vigae alisikia kikohozi anachokijua.

"Kinaanza asubuhi," mwenye nyumba alisema, akigeuza shati. "Jana kilikuwa na nguvu zaidi."

Kiwandani mashine ya mfumaji na pipa la mtia rangi vilikaa bila watu. Msimamizi wa zamu alipeleka taarifa juu kwamba amepungukiwa na wafanyakazi wawili. Mkurugenzi alimjibu kwamba ghorofa ya nne ilikuwa sifuri kabla na ni sifuri sasa, hivyo hakuna kilichopotea, na akamshauri arudie mambo ya darasa la tano.

Semikoloni alifungua programu, akaliondoa lile sharti linaloruka sifuri. Skrini ya getini ikaandika 7x⁵ + 0x⁴ + 2x³, na kuendelea. Kutoka dirisha la ofisi aliiona ghorofa ya nne imesimama mahali pake, na mdogo wake, yule mfumaji, ametoka barazani. Alikuwa ameinua chupa ya dawa na kuigeuza mdomo chini, ili kila mwenye macho aone kwamba halitoki hata tone.

Mkurugenzi aliingia kabla chai haijapoa. Hakuwa na hasira. Alivuta kiti, akakaa nyuma ya Semikoloni kama anavyokaa mtu anayesubiri kinyozi amalize.

"Binti yangu," alisema, "wageni wanapita pale getini. Wanaona sifuri, tena imepewa x na kipeo juu. Tutaonekana hatujasoma."

Semikoloni alimweleza kwamba kuna watu wanne mle ndani na dawa imekwisha. Aliomba mama mdogo ahamishiwe hata ghorofa ya chini. Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu zote, akasema ghorofa ya chini ni tisa, ni namba nzuri, na yeye hawezi kuishusha kwa ajili ya kikohozi. Wahenga walishasema asiyekuwepo na lake halipo. Kisha akaelekeza kidole kwenye skrini na kusubiri. Semikoloni alikuwa na mkopo wa shule, na bosi amekaa mgongoni kwake, na kwa hesabu aliyosomea yeye mwenyewe bosi alikuwa sahihi. Alilirudisha lile sharti. Alipotazama dirishani, ghorofa ya tano ilikuwa imekaa juu ya ya tatu.

Usiku ule alijichukia, na asubuhi akaenda kwa karani wa makazi na mkoba wa nguo na chupa mbili za dawa. Alisema anataka kuhamia Jengo la Tatu, ghorofa ya nne.

"Haipo, dada," karani alisema.

"Ndiyo maana haina foleni. Niandike."

Karani alicheka, akamwandika. Semikoloni alikuwa mzima na mwenye kazi, kwa hiyo ghorofa ya nne ikapanda kutoka sifuri hadi moja, na hesabu ya moja hairukwi. Alipofika kwenye jengo, ngazi zilikuwa na sehemu yao ya nne. Mama mdogo alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka. Semikoloni alimnyanyua kichwa na kumpa dawa kwa kijiko, na mdogo wake akakaa chini ukutani akalia kwa mara ya kwanza. Mtia rangi alileta kiti chake kwa ajili ya mgeni na kuuliza, kwa upole, kama kule kazini walimtafuta.

Skrini ya getini iliandika 7x⁵ + x⁴ + 2x³. Mbele ya x hakukuwa na kitu, kwa sababu moja haiandikwi. Kila anayejua hesabu anaelewa kwamba ipo. Kanuni hiyo nayo Semikoloni aliiandika mwenyewe, chini ya ile ya sifuri. Kati ya watu watano wa ghorofa ile, wawili na wawili walikatana, na aliyebaki, ile moja isiyoandikwa, alikuwa yeye.

Tangu hapo mlinzi alifunga geti usoni pake bila ubaya wowote. Mgawa chai alimimina vikombe na kuiruka meza yake. Wenzake walikuta kazi imekamilika na kuisifu kompyuta mpya. Nyumbani walimwona na kumsemesha vizuri, na mama mdogo, ambaye alianza kukaa kitako, alimwambia amekonda.

Mwisho wa mwezi mkurugenzi aliamuru majengo mengine yote yawekwe kwenye skrini. Semikoloni alikuwa dirishani, anakunja shuka, Jengo la Tano lilipoonyeshwa. Lilishuka taratibu, ghorofa moja ikaketi juu ya nyingine, na kamba ya nguo iliyokuwa imeanikwa katikati ikabanwa ukutani, mikono ya mashati ikining'inia nje.

"Kuna nini huko?" mama mdogo aliuliza kutoka kitandani.

Semikoloni alijibu kwamba hakuna kitu, na kwa mujibu wa programu aliyoiandika kwa mikono yake, alikuwa anasema kweli.