Kila Waya Urudi Ulikotoka

Hakuwa na cheti cha chuo, wala hakukitamani tena baada ya kuona waliokuwa nacho wakirushwa na umeme. Hakuwa na miwani, ingawa mkewe alimsihi akapimwe macho mpaka ulimi ukaota sugu. Hakuwa na bosi tangu alipostaafu, hakuwa na subira ya maelezo marefu, na hakuwa na mtoto mwingine ila yule mmoja. Alichojaliwa tele kilikuwa uhakika. Mtaa mzima walimwita Fundi, na hakuna nyumba aliyoitia waya iliyowahi kuungua.

Uhakika huo ulisimama juu ya kanuni aliyoachiwa na mzee aliyemfunza kazi: ukifungua kitu, kila waya urudi ulikotoka. Kwa kanuni hiyo alikuwa ameoa, amejenga na amezeeka, na haikuwahi kumtupa.

Mwanawe alikuwa akififia. Ugonjwa wa misuli ulimwanzia miguuni, ukapanda taratibu kama maji yanayoingia nyumbani kwa kupitia chini ya mlango. Ulimtoa chuoni, ukamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, kisha ukaanza kumdai mikono. Vilivyobaki ni vidole, na kwa vidole hivyo alicheza gemu kwenye kompyuta ya mezani, akisafiri katika nchi ya vilima na mbuga pamoja na wenzake ambao hakuwahi kuwaona kwa macho. Walimwita Kobe, kwa sababu mashine yake ilikuwa nzito, na kila mara aliwasili wenzake wakiwa wameshazima moto wa kambi. Jina lilimpendeza. Hata mama yake alikuja kuliitikia: Mama Kobe.

"Shida siyo mimi, baba," alisema siku moja. "Ni hii mashine. Haina kadi ya picha, inajichorea kwa ubao wake wa ndani tu. Wenzangu wengi wanaona kila unyasi. Mimi naona zulia."

"Unyasi una nini cha kutazamwa?"

"Nataka nione nyasi zikiinama nikipita."

Fundi aliangalia kando, mahali popote palipokuwa mbali na ile miguu. Daktari alikuwa amewaita wazazi pembeni na kuwaambia kwamba vidole navyo havitakawia. Kesho yake asubuhi Fundi alikuwa kwenye duka la kompyuta.

"Mzee wangu," muuzaji alimwambia huku akiifunga kadi kwenye boksi lake, "nikuitie mtu akakufungie? Ni kazi ndogo, lakini ina vijambo vyake."

"Mimi nilifunga umeme wa majumba kabla wewe hujaota meno."

"Sibishi, mzee. Nasema tu, ukishaichomeka, ile kebo ya..."

"Nipe mzigo wangu, bwana."

Alifanya kazi ile mchana kweupe, kifuniko cha mashine kimelazwa kitandani na skrubu zimepangwa juu ya leso kwa ukubwa wake. Kobe alimtazama kutoka kitini. Fundi alipuliza vumbi, akatafuta mwanya wa kuchomekea kadi kwa ncha ya kidole, akaisukuma hadi ikalia kidogo, kama kifundo cha mkono. Akaiunganisha na waya wa umeme wa humo ndani. Kisha akafunga kifuniko, akasukuma mashine ukutani, na kwa kupapasa akarudisha kila waya ulikotoka: wa umeme, wa kipanya, na kebo ya skrini. Akaiwasha, feni zikazunguka.

Kobe akaingia mbugani. Fundi aliinamia skrini, akaona kitu cha kijani kimetandazwa kama zulia. Akajisemea kwamba macho yamezeeka. Hilo hakulitamka.

"Enhe? Zinainama?"

Kobe alikawia kidogo. "Zinainama, baba."

"Unyasi mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja. Ahsante."

Jioni hiyo Fundi alikula kwa hamu kuliko mwaka mzima. Alimsimulia mkewe, akamsimulia jirani, akamsimulia hata muuza mkaa, ambaye hakujua kompyuta inakula nini. Mtu mwenye mgonjwa asiyeponyeka hupewa nafasi chache za kuwa na faida, na yeye alikuwa ameipata yake.

Wiki ile ile Kobe alimwambia, bila kugeuza kichwa, "Baba, ukipata nafasi, hebu angalia huko nyuma ya mashine."

"Kuna nini?"

"Labda hakuna kitu. Angalia tu."

"Pale nyuma nilipapanga mwenyewe. Unaitilia shaka kazi yangu?"

Kobe akatabasamu. "Hapana, Fundi."

Ndiyo mara pekee aliyomwita hivyo, na baba aliipokea kama nishani. Masika hayajaisha, vidole vikagoma, kisha kifua nacho kikagoma. Walimzika siku ya mvua, kaburi likizungukwa na watu wengi ambao hakuwahi kucheza nao.

Msiba ulipotawanyika, mkewe alisimama mlangoni mwa chumba kile. "Hao wenzake wa humo ndani," alisema, "nani amewaambia?"

Hakuna aliyekuwa amewaambia. Fundi akaketi, akavaa vile visikizi vya masikioni vya mwanawe, akabonyeza picha aliyozoea kumwona mwanawe akiibonyeza. Mbuga ikatokea, na katikati yake yule msafiri wa kuchorwa aliyeongozwa na Kobe, pale pale alipoachwa.

"Kobe!" sauti ya kijana ikamlipukia masikioni. "Ulijificha kwenye gamba muda wote huu? Mimi Popo hapa nimechoka kukulindia mizigo."

"Siyo Kobe. Mimi ni baba yake."

"Aa. Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akatafuta maneno, akakosa ya kupamba. "Tumemzika."

Popo akapenga kamasi. Alizungumza kwa muda mrefu na bila mpangilio, jinsi Kobe alivyowachekesha, jinsi asivyowahi kumwacha mtu nyuma.

"Na ile kadi," Fundi alisema, kwa kuwa alihitaji kushika kitu. "Angalau alizifaidi zile nyasi."

Popo akaanza neno, akalikata.

"Sema, mwanangu."

"Mzee, hakuziona. Aligundua siku ile ile. Kebo ya skrini ilirudi kwenye tundu la zamani, la ubao, badala ya kwenye kadi. Kadi ilikuwa inazungusha feni bure. Nikamwambia, mwambie mzee aihamishe, ni jambo la kupepesa jicho. Akasema alijaribu kukwambia."

"Alijaribu," Fundi alisema.

"Nikamwambia basi mwite mama. Akasema, 'Mwache mzee. Hujamwona alivyofurahi.'"

Fundi alivua vile vya masikioni, akapiga magoti, akaingiza kichwa nyuma ya meza, mahali ambapo mwanawe asingeweza kufika hata kwa kuburuzwa. Kebo aliiona hata bila miwani. Akaichomoa, akaihamisha umbali usiozidi upana wa kiganja. Alipoinuka, zulia lilikuwa limekwisha. Nyasi zilisimama moja moja, zina vumbi, zina mbegu, upepo ukizichezea. Aligusa kitufe, na yule msafiri akapiga hatua. Zikainama.

Akaondoa mkono. Hakutaka kupita mbele zaidi ya pale.

Akavaa tena vile vya masikioni, akamwambia Popo kwamba kadi sasa ni yake; naye alimtajia anwani yake baada ya kukataa sana. Mashine yake nayo ilikuwa mkweche. Fundi aliing'oa kadi, akaifuta, akairudisha kwenye boksi lake. Kisha akamwomba mkewe miwani yake, akaivaa, akaketi kuandika.

*Ukishaichomeka, kebo ya skrini usiirudishe ilikotoka. Itie kwenye kadi yenyewe. Mashine ikiwaka usidhani umemaliza. Nenda mbugani, tembea, uangalie chini.*

Mwishoni kalamu ilitaka kuandika Fundi, kama ilivyozoea. Aliisimamisha, akaandika: *Baba yake Kobe*. Akaikunja karatasi, akalamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa kidole gumba muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji.

Posta, karani aliibandika bahasha juu ya boksi, akaliweka kwenye mizani.

"Ni ya haraka, mzee?"

"Ilikuwa," alisema.

Karani hakusikia, au alisikia akaacha. Akagonga muhuri, akausukuma mzigo kwenye kitundu cha ukutani nyuma yake. Foleni ilisubiri. Fundi alibaki pale dirishani, amekunja kiuno, shingo ameiinamisha upande, akijaribu kuona umeangukia wapi.