Mshale Usioiona Barabara

"Hamsini na sita," alisema trafiki wa Ikungi, akinisogezea usoni tochi yake ya kupimia mwendo nisome mwenyewe. "Na kibao umekiona. Hamsini."

"Afande, mshale wangu ulikuwa kwenye hamsini. Nilikuwa nautazama."

"Dereva anayetazama mshale atagonga mbuzi." Akaniandikia faini.

Ilikuwa siku ya gulio, watu wamejaa kando ya barabara, na nyuma ya pikapu nilibeba ndoo za asali kutoka Rungwa. Niliondoka pale naitukana tochi kimoyomoyo. Mimi siendeshi kihuni. Waulize warina asali wote wa Rungwa, watakwambia Eliya ni nani.

Singida, kwenye ua wa kuchujia asali, mwenye gari alikuwa ananisubiri.

"Shikamoo, Mama Hezekia."

"Marahaba." Akaingiza kichwa dirishani, akasoma kilomita, kisha geji ya mafuta. Akasoma tena. "Safari zote za karibuni ni hivihivi. Kilomita zinapungua, dizeli inazidi kuisha. Eliya, dizeli yangu unamuuzia nani?"

Alilisema hilo mbele ya akina mama wote wanaochuja asali. Mikono yao ikasimama juu ya vitambaa.

"Mama, mimi si mwizi."

"Basi nieleze. Ukishindwa, kabla ya safari ijayo ufunguo anauchukua Gasto."

Gasto ni mpwa wake, dereva wa akiba. Aliposikia jina lake alitazama pembeni, na mimi nikamaliza kesi palepale. Si mwezi uliopita nilimkuta amelala chini ya dashibodi, miguu nje, waya mkononi?

"Wewe!" nikamfokea. "Umeuchezea mshale wangu! Unautaka usukani, ukaona unipake matope kwanza!"

"Kaka, nilikuwa natengeneza redio."

"Mbona redio haiimbi?"

"Kwa sababu mimi ni dereva, siyo fundi redio."

Akina mama wakacheka.

Asubuhi nililitoa gari tupu, peke yangu, nikashika barabara ya Dodoma. Kando yake kuna mawe ya kilomita. Nilipita jiwe moja hadi la pili, na tarakimu za kilomita kwenye dashibodi zilikuwa bado hazijatimiza kilomita moja. Nikayashuku mawe. Nani ajuaye kama walioyapanda walikuwa wazima? Lakini jiwe lililofuata likawa vilevile, na lingine, na lingine. Mkono wa mtu ukiharibu waya, mshale huruka, hulala, huzinduka. Huu wangu ulikuwa unadanganya kwa adabu, kiasi kilekile kila mara. Sikuielewa hila ya namna hiyo.

Niliporudi nikaegesha karibu na pipa la asali. Pipa lile limekalishwa juu ya tairi kuukuu ili lisiguse ardhi. Nilishuka, nikaliona tairi la chini ya pipa, nikaliona la gari, nikasimama kama niliyepigwa kofi.

Kiangazi hiki mchanga wa Rungwa ulitumeza hadi tumboni. Mama Hezekia mwenyewe akamwamuru fundi Benson afunge matairi makubwa, gari liinuke. Tulimsifu sote. Haya ya zamani akayageuza vigoda vya mapipa.

"Gasto, njoo unisaidie."

"Kuiba dizeli?"

"Njoo bwana!"

Tulifungua tairi la akiba, nalo ni kubwa kama yale mengine ya gari, tukalichomoa na lile la chini ya pipa. Nikachora mstari mavumbini, nikapaka chokaa ukingoni mwa kila tairi, tukayasukuma mzunguko mmoja mmoja. Lile jipya lilitua mbele ya la zamani kwa zaidi ya shibiri.

Gasto akachuchumaa. "Kumbe mshale hauna macho," akasema taratibu. "Hauioni barabara. Unahesabu mizunguko tu, na bado unadhani umevaa viatu vya zamani."

"Na kila mzunguko tunaiba shibiri ya barabara isiyoandikwa. Ndiyo spidi ya Ikungi. Ndiyo dizeli."

"Ila wanasema kiwandani mshale hutegwa useme zaidi kidogo, dereva asizidishe."

"Ziada hiyo tairi limeila, likaomba nyingine."

Nilimwita Mama Hezekia. Alitazama alama mbili za chokaa, akapima pengo kwa kiganja chake mwenyewe, maana yule mama haamini kiganja cha mtu.

"Mama, uliniita mwizi mbele ya watu," nikasema. "Nisafishe mbele ya watu."

Akina mama wakashusha vitambaa. Mama Hezekia akajifuta mikono kwenye kanga.

"Sikieni. Eliya hakuiba dizeli. Matairi niliyaagiza mimi, na macho yangu yalinidanganya." Akanigeukia. "Haya. Na Gasto ulimwambia nini, mbele ya watu haohao?"

Nilimgeukia Gasto. Maneno yale yalikuwa na mchanga.

"Gasto hakugusa mshale," nikasema. "Nilimsingizia."

"Sauti, kaka, huku nyuma hawajasikia."

"NILIMSINGIZIA!"

Matairi makubwa yalibaki, kwani mchanga wa Rungwa haujahama. Gasto akachovya kidole kwenye ndoo ya nta, akabandika donge dogo kwenye kioo cha dashibodi, chini kidogo ya arobaini na tano.

"Hamsini yako ni hapa."

Nilimshukuru, nikapokea ufunguo. Lakini kabla sijafika Ikungi nililipima donge lile kwa mawe na saa ya simu.

Alikuwa amesema kweli.