Kona Mbili Kuelekea Wapi

Tangu asubuhi Yahoska Tercero alikuwa akitamba, na haki hiyo alikuwa nayo. Tovuti ya zamani ya Oksijeni Zepeda ilijengwa enzi zile watu wa Managua walipokuwa bado wanakaa mbele ya kompyuta. Ukiifungua kwenye simu ilikuwa mateso matupu: maandishi madogo, unavuta, unasogeza, unagusa "Agiza" kumbe umegusa "Historia Yetu", na historia ya kampuni ya mitungi nani anaitaka. Wanaoagiza oksijeni si watu wa kuzungushwa. Ni watu wenye mgonjwa kitandani na mikono inayotetemeka. Kwa hiyo Yahoska alikuwa ameibomoa yote na kuijenga upya kwa ajili ya simu, na leo ilikuwa hewani: vitufe vikubwa, kurasa nyepesi, oda inakwisha mara moja. Don Eudoro Zepeda, mwenye kampuni, aliishika simu yake mbali na uso, akagusa hapa, akagusa pale, kisha akasema, "Binti, hata mimi nimeweza." Kwa don Eudoro hiyo ilikuwa hotuba.

Kilichokuwa kimemtesa Yahoska ni anwani. Anwani za Managua ni masimulizi. Mtu anaanzia palipokuwa na sinema iliyoanguka kwenye tetemeko kabla yeye hajazaliwa, anahesabu kona kuelekea ziwani upande wa kaskazini au mlimani upande wa kusini, anahesabu nyingine juu, yaani jua linakotoka, au chini linakozama, anataja rangi ya geti na jina la mama anayekaa mbele yake. Maneno hayo yalikuwa yakifurika kwenye kioo cha simu na kukisukuma kitufe cha "Agiza" hadi kisikoonekana. Yahoska akachoka nayo. Akatafuta kisanduku cha kuandikia anwani kilichotengenezwa na watu wa nchi zenye majina ya barabara na namba za nyumba, kinachopokea herufi arobaini na ushee kisha kinafunga mlango. Ukurasa ukatulia, ukapendeza. Akakijaribu kwa kuandika "abc abc", kikakubali, akaenda kulala. Mtoto wa Managua kabisa, ambaye kwao wenyewe hupafiki bila kuelezwa nusu saa, aliandika abc.

Mchana mvua ya Oktoba ilishuka kwa fujo. Transfoma ililipuka mahali fulani na nusu ya mji ikakosa umeme. Ofisini kulikuwa na jenereta, na Yahoska alikuwa amekaa mbele ya kompyuta akila quesillo, chapati ya mahindi na jibini, krimu ikimchuruzika mkononi, akiangalia oda zinavyoingia kama maji. Kila umeme ukikatika, mashine za oksijeni za majumbani huzima, na watu hutaka mitungi. Alifurahi. Mungu amsamehe, alifurahi kuona tovuti yake ikibeba mzigo wote ule bila kukwama.

Simu ikalia. Alikuwa Norlan, dereva wa pikapu ya mitungi, mwanamume wa Estelí aliyehamia mjini kutafuta maisha na ambaye hakuacha utani hata siku ya mazishi.

"Injinia," alisema, "hii anwani nusu yake umeila pamoja na quesillo yako ya kila mchana?"

"Ipi?"

"Hii ya Heysell Urbina, mtaa wa San Telmo. Nakusomea ilivyo. Kutoka ilipokuwa famasi Santa Rita, kona mb. Basi. Kona mb. Nadhani ni mbili. Mbili kuelekea wapi, mamaa? Mbinguni?"

Yahoska alicheka, akaifungua oda kwenye kompyuta ili amsomee yote. Hapakuwa na yote. Hata pale, kwenye kioo kikubwa, maneno yaliishia palepale. Akafungua oda ya kabla yake. Imekatwa. Na ya kabla ya hiyo, imekatwa pia, ila hao walikuwa wateja wa siku zote na madereva wanazijua nyumba zao kama wanavyozijua zao wenyewe. Huyu alikuwa mgeni. Maneno yake mengine hayakufichwa popote. Kisanduku kiliyakataa kuanzia mwanzo, yakabaki kwenye kidole cha mwandikaji, na sasa hapakuwa na mtu wala mashine iliyoyajua isipokuwa yeye mwenyewe.

Chini ya anwani, kwenye nafasi ya maelezo, yule mwanamke alikuwa ameandika: "Ni baba yangu. Mashine imezima. Fanyeni haraka, simu yangu nayo inakufa."

Quesillo ikamtoka mkononi. Akapiga namba iliyoandikwa, akaambiwa haipatikani. Akapiga tena kana kwamba jibu lingeona haya na kubadilika. Haipatikani. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya kompyuta Yahoska aliogopa hasa.

"Norlan, uko wapi?"

"Hapa hapa ilipokuwa hiyo famasi. Siku hizi ni pa kuziba pancha."

"Nenda kona mbili kuelekea ziwani. Wengi huwa wanaelekea ziwani. Uliza kila nyumba. Nakuja."

"Na kama siyo ziwani?"

Alikata simu. Alimwambia don Eudoro kwa maneno mawili matatu kilichotokea, na don Eudoro, ambaye alikuwa ameanza kazi hii kwa kubeba mitungi begani, hakumgombeza. Alisema tu, "Mwanangu, kimbia." Ingekuwa afadhali angemtukana.

Aliwasha pikipiki yake na kuingia mvuani bila koti, na fulana ya kampuni ikamgandia mwilini. Njiani alikuwa akisali na kupiga hesabu kwa pamoja. Ziwani, mlimani, juu, chini. Pande nne, na baada ya kona mbili mtu huwa anapinda tena, na kila upande unazaa mwingine. Pikapu moja tu. Mzee mmoja asiyejua kuna hesabu inapigwa juu ya pumzi yake. Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni kila mara. Kila ikitetemeka alisimama kando, moyo juu, akidhani ni Norlan amefika. Zilikuwa oda mpya. Aliirudisha simu mfukoni bila kuzisoma.

Pale pa pancha palikuwa na mwanamke anauza vigorón, mihogo na ngozi ya nguruwe ya kukaanga, chini ya turubai.

"Famasi Santa Rita ilikuwa hapa?"

"Ilikuwa hapo hapo unapolowea, mpenzi."

"Unamjua Heysell Urbina? Baba yake mgonjwa, anatumia oksijeni."

"Wagonjwa hapa ni wengi, mwanangu. Wa Urbina simjui."

Norlan akapiga. Kule ziwani hakuna. Kuna Urbina mmoja, mzima kama farasi, amemtukana. Sauti ya Norlan haikuwa na utani tena, na hilo lilimtisha Yahoska kuliko maneno yenyewe. Akamwambia aende mlimani, yeye akashika njia ya juu.

Kona mbili juu aliacha pikipiki na kugonga mageti. Mtaa usio na umeme una ukimya wake. Redio zimekufa, feni zimekufa, kinachosikika ni mvua kwenye mabati na mbwa. "Kuna mgonjwa wa oksijeni hapa?" Hapana. "Kuna Heysell?" Hapana. Geti moja lilifunguliwa na bwana aliyetaka kwanza kujua yeye ni nani, ametumwa na nani, na hiyo oksijeni inauzwaje. Yahoska alimwacha na swali lake. Alianza kuwaza kitu ambacho hakutaka kukiwaza: kwamba mzee anaweza kuwa nyuma ya ukuta huu huu anaopita, anasikia pikipiki ikija, anasikia ikienda. Akaanza kulia huku anagonga. Hakuona aibu, hakukuwa na nafasi ya aibu.

Akachukua pikipiki, akarudi mpaka pa pancha, akashika njia ya chini. Kwenye kona ya pili mtu alikuwa akizibua mfereji kwa jembe, maji yakimfika magotini.

"Urbina?" alisema. "Don Chilo mshona viatu? Yule anayevuta hewa kwa mpira?"

"Huyo. Huyo huyo. Wapi?"

"Pinda hapo kuelekea ziwani. Binti yake yuko nje muda wote, utamwona."

Alimwona kweli. Mwanamke wa makamo, amelowa chapachapa, amesimama katikati ya njia akiangalia huku na kule kama aliyepoteza mtoto. Alipoiona fulana ya Oksijeni Zepeda alimkimbilia Yahoska, akamshika mikono yote miwili.

"Asante Mungu, mmefika. Mtungi uko wapi?"

Yahoska alitazama nyuma kwenye njia tupu.

"Dada, mtungi uko wapi?"

"Unakuja. Uko kwenye gari, gari halijui njia."

"Halijui njia? Niliwaandikia."

Ndani kulikuwa na giza la mawingu. Mzee alikuwa ameketishwa kitandani, ameinama mbele, viganja kwenye magoti. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo Yahoska hakuwahi kuiona kwa mtu aliye hai. Kila pumzi ilimgharimu mabega yake yote. Alimtazama mgeni, akamtazama mikononi, akaona hakubeba kitu, akarudisha macho sakafuni. Hakulalamika. Hakuwa na hewa ya kulalamikia.

Yahoska alimpigia Norlan na kuanza kumweleza, akajikanyaga: kona ile, hapana, ile nyingine, kuna mtu na jembe. Yeye mwenyewe alikuwa amefika kwa kubahatisha, hakujua alipo. Heysell akampokonya simu.

"Nisikilize, kaka. Kutoka ilipokuwa famasi Santa Rita, kona mbili chini, moja kuelekea ziwani, nusu kona juu, mkono wa kushoto, geti la mabati ya kijani, mbele ya doña Tencha muuza nacatamales. Umeipata? Irudie." Akasikiliza. "Hapana, nusu kona juu, siyo chini. Ndiyo. Kimbia, kaka yangu, nakuomba."

Kisha wakangoja. Heysell alipiga magoti akamshika baba yake mgongoni, akawa anapumua kwa sauti ili mzee amfuate, vuta, toa, vuta, na Yahoska naye akajikuta anavuta na kutoa pamoja nao. Kuna wakati mzee alikawia kuvuta. Alikawia mpaka Heysell akaacha kuhesabu na kumwita, "Papa," kwa sauti ndogo ya mtoto. Yahoska alitamani sakafu immeze. Halafu mabega yakanyanyuka tena.

Walimsikia Norlan kabla hawajamwona. Aliingia na mtungi kifuani, tope mpaka kiunoni, hakusalimia mtu. Akafunga kipimo kwenye mtungi, akafungua vali, hewa ikalia, akamvalisha mzee barakoa. Ilichukua muda, tena muda mbaya, lakini rangi ile ikaanza kuondoka midomoni, na don Chilo akanyoosha kidole kimoja kuonyesha kwamba yupo.

Heysell alikaa chini palepale akalia. Kisha akainuka, akamkumbatia Norlan, akamkumbatia Yahoska, akambusu mashavuni.

"Mungu awalipe. Nilidhani ni kosa langu. Nilipokuwa naandika anwani, herufi ziligoma kuingia. Nikagusa, nikagusa, haziingii. Nikajua ni hii simu yangu mbovu. Nikasema nikianza upya itazima kabla sijatuma, basi nikaituma hivyo hivyo, nikijiambia hawa watu kazi yao hii, watajua."

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kusema, na Yahoska hakusema. Alinyoosha mkono achukue simu yake, ambayo bado ilikuwa kwa Heysell, na wakati huo ikatetemeka. Heysell akaitazama, kama mtu yeyote anavyotazama kioo kikiwaka mkononi mwake.

"Kutoka ilipokuwa shule ya watawa, kona 3 ku," alisoma. Akainua uso. "Ku wapi?"

Mvua ilikuwa imepungua. Norlan alijifanya anakagua kipimo.

"Kumbe haikuwa simu yangu," Heysell alisema polepole.

"Haikuwa simu yako," Yahoska alisema. "Ni mimi. Tovuti nimeitengeneza mimi."

Yahoska alingoja kofi. Heysell alimtazama, akamtazama baba yake, kisha akasoma tena kwenye kioo, safari hii mpaka chini kwenye maelezo.

"Mgonjwa wao ni mtoto," alisema, akamrudishia simu. "Wapigie."

Yahoska akapiga. Haipatikani. Akaingia kwenye tovuti yake na kuifunga palepale kwa kidole gumba. Ilifungika kirahisi, kwa kuwa kila kitu alikuwa amekifanya kiwe kirahisi kwenye simu. Akampigia don Eudoro, akamwambia kila anayetaka mtungi apige simu na asimulie njia kwa mdomo wake. Norlan alikwishawasha gari, mtungi mwingine ukiwa nyuma.

Yahoska alitangulia na pikipiki kuelekea ilipokuwa shule ya watawa. Alipofika kwenye njia panda ya hapo akasimama, mguu mmoja chini kwenye maji, pikapu ikiunguruma nyuma yake. Norlan akapiga honi. Yahoska akatazama upande wa ziwani, akatazama upande wa mlimani, na hakujua apinde wapi.