Stoo Isiyo na Mahindi

Siku kile kisanduku kilipoingia nyumbani kwake Kitale, Mzee Wabwile alikosa mambo haya: mke, kwa kuwa Sellah alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, meno mawili ya mbele, miwani ya kusomea maandishi madogo, nywila, kitu ambacho hakujua kama huwekwa mfukoni au kichwani, na mtoto yeyote aliyebaki nyumbani. Akili hakukosa. Alisoma ngumbaru jioni baada ya kushinda akipakia mbegu kwenye malori, akafanya mtihani wa darasa la nane akiwa na mvi, akapita. Cheti chake kilining'inia sebuleni juu ya redio, katika fremu aliyoichonga mwenyewe.

Kisanduku kililetwa na mwanawe Hillary kutoka Bungoma, pamoja na katoni ya balbu na vidude vyeupe vya ukubwa wa kifuniko cha soda. Mkewe, Beth, alikuja naye kwa sababu ndiye aliyejua mambo ya kompyuta.

"Baba, tusizungushane," Hillary alisema kabla hata chai haijamiminwa. "Ulianguka bafuni, na sisi tukajua baada ya siku mbili. Hii kitu itatuambia kama uko sawa. Ukiweza kuitumia, kaa hapa kwako. Ikikushinda, unakuja Bungoma tukae na wewe."

"Na nyumba?"

"Nyumba itapata mpangaji."

Wabwile aliona kwamba jibu hilo halikutafutwa. Lilikuwa limekaa tayari mdomoni. Akasema sawa, ataitumia, na tangu dakika hiyo akaanza kumwangalia mwanawe kama mtu anavyomwangalia mnunuzi anayesifia ng'ombe kupita kiasi.

Hillary alizunguka na ngazi akifunga balbu na kubandika vidude. Beth alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mbali na kiti cha mzee, akishika simu. Alikuwa amemsalimia mkwewe kwa kuinamisha kichwa, bila kumpa mkono. Kwetu Wabukusu mkamwana hakalii kiti cha baba mkwe, na chumba anacholala mzee, kwake yeye, ni kama hakikujengwa. Kwa hiyo Hillary aliingia huko peke yake, akapiga kelele kutoka ndani: "Hii imekubali! Andika!" Beth akaandika. Akatoka hadi uani, kwenye stoo ya mahindi, akapiga kelele tena: "Na hii! Andika!" Beth akaandika. Kisha Hillary akaiweka simu mpya ya kupangusa juu ya meza, mbele ya mzee.

"Baba, kila kitu kiko hapa. Mtu akipita mbele ya kidude, simu itasema ni wapi."

Walipoondoka, Wabwile alivaa miwani yake hafifu, akaleta kamusi, akaketi kusoma. Hakutaka kufundishwa na mtu.

Somo la kwanza lilimchosha. Kila alipobonyeza taa ya sebule kwenye simu, simu ilimjibu kwamba kifaa hakipatikani. Alizima kisanduku, akakiwasha, akakifuta vumbi, akakigeuza upande wa dirisha. Aliamini wameuziwa kitu kibovu. Baadaye aligundua kosa. Yeye ni mtu asiyeacha swichi ya ukutani ikiwa imewashwa. Hata pasi ikiwa baridi huzima. Na balbu hizi, ukizizima ukutani, huwa kama mtu aliyezirai: huwezi kumtuma. Aliacha swichi ikiwa imewashwa kwa shingo upande, na kwa mara ya kwanza akaiwasha taa akiwa ameketi. Akaizima. Akaiwasha tena. Hakukuwa na mtu wa kumwona, lakini alikohoa kidogo kama anayesubiri pongezi.

Somo la pili lilimtia wasiwasi. Alifungua ukurasa wa watu wa nyumba, akakuta majina mawili. Kando ya Beth paliandikwa neno ambalo kamusi ilisema ni mmiliki. Kando ya Wabwile paliandikwa mgeni.

Alilirudia neno hilo kwenye kamusi, pengine lilikuwa na maana nyingine. Halikuwa nayo.

Somo la tatu lilimnyima raha. Simu yake haikulala naye; ililala sebuleni ikichajiwa karibu na redio, kwa maana hakutaka kitu kinachonguruma karibu na kichwa chake. Asubuhi aliisoma kama gazeti. Na kila asubuhi ilikuwa na habari ile ile. Jana jioni baada ya sala ya isha: Stoo, kuna mtu. Leo alfajiri, adhana ilipolia: Stoo, kuna mtu.

Stoo ilikuwa na mahindi yake ya mwaka mzima na magunia ya maharagwe ya jirani yake, Osman, mfanyabiashara wa nafaka ambaye nyumba yake ilipakana na msikiti. Ilikuwa na kufuli moja na funguo mbili. Ufunguo mmoja ulikuwa kwa Wabwile. Wa pili ulikuwa kwa Osman.

Na nani mwingine, Wabwile alijiuliza, huwa nje baada ya isha, na alfajiri kabla ya watu kuamka?

Osman alipokuja kunywa chai ya saa kumi, kama alivyozoea, mwenyeji wake alimtazama mikono.

"Mwalimu," Osman alisema. Alimwita hivyo kwa utani tangu siku ile cheti kilipotundikwa. "Ati siku hizi unaongea na taa?"

"Siongei nayo. Naiamuru."

"Na inakutii? Bibi yangu Zuena hajanitii tangu tuoane."

"Osman, maharagwe yako umeyahesabu hivi karibuni?"

"Ya nini? Si yako kwako?"

"Nauliza tu."

"Unauliza kama polisi, bana."

Wabwile alipokwenda stoo hakuona gunia lililopungua, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Mwizi anayeingia kila siku asichukue kitu anatafuta nini? Alimpigia Hillary simu.

"Kuna mtu anaingia stoo yangu jioni na alfajiri."

"Umeona nani?"

"Sijaona. Simu imesema."

"Kuna kitu imeibiwa?"

"Hakuna."

"Kufuli imevunjwa?"

"Hapana."

Hillary akazungumza kwa sauti ya upole, ile ambayo watu huitumia hospitalini. "Baba, tulikubaliana. Jumamosi nakuja na pikapu. Weka nguo zako tu, vitu vingine tutapanga polepole."

Hakumuuliza Beth. Hillary hajauliza mtu jambo lolote tangu apate shahada.

Sasa Wabwile aliona picha yote, au alidhani anaiona. Osman anaingia stoo, simu inasema, mzee analalamika, mzee anaonekana amechanganyikiwa, pikapu inakuja, mpangaji anaingia. Huenda mpangaji ni Osman mwenyewe. Huenda walishapatana. Aliacha kula ugali katikati.

Kulipokaribia kupambazuka aliamka kabla ya adhana, akavaa koti, akaenda sebuleni kuchukua simu. Ilikuwa tayari imewaka mezani.

Stoo, kuna mtu. Sasa hivi.

Alichukua rungu nyuma ya mlango, akavuka ua kwa miguu mitupu. Kufuli ilikuwa imefungwa. Aliifungua taratibu, akaingia, akamulika tochi kila pembe. Magunia tu. Akavuta mlango akajifungia ndani, ili mwizi akirudi amkute. Simu ikatetemeka mkononi mwake.

Nje, kuna mtu.

Kumbe ametoka! Wabwile aliketi juu ya gunia bila kupumua. Mguu ulipomfa ganzi akaunyoosha. Simu ikatetemeka. Nje, kuna mtu. Akasogeza kichwa kwenye ufa wa mlango. Nje, kuna mtu. Mtu huyo alikuwa jasiri wa ajabu. Kila Wabwile alipojisogeza, naye alijisogeza. Adhana ikalia, ikaisha, mwanga ukaanza kupenya kwenye mbao, na mzee bado amekalia mahindi yake na rungu mapajani. Hatimaye alisikia viatu vikija kwenye njia ya kutoka msikitini.

"Osman!" alinguruma. "Najua ni wewe!"

Viatu vikasimama. "Ndio ni mimi," sauti ikajibu. "Lakini wewe uko wapi?"

"Niko stoo! Na wewe unafanya nini hapo nje?"

"Natoka kuswali, mzee. Kwani wewe umefungiwa?"

"Usisonge! Simama hapo hapo!"

"Nimesimama."

Wabwile aliinua mkono wake wenye tochi. Nje, kuna mtu.

"Osman, umesonga?"

"Wallahi nimesimama kama nguzo ya stima. Watu wananiangalia."

Wabwile akainua mguu. Nje, kuna mtu. Akaketi kimya kama jiwe. Simu nayo ikanyamaza. Hapo alimkumbuka mwalimu wake wa ngumbaru, aliyewaambia kwamba ukitaka kujua sababu ya jambo, badilisha kitu kimoja tu, vingine viache vilivyo. Aliinua mkono kwa mara ya mwisho, akaushusha, akafungua mlango.

"Nje ni mimi," alisema.

"Naona," Osman alisema, akiangalia rungu. "Na hiyo ilikuwa ya nani?"

Wabwile aliingia nyumbani akiwa na simu mkononi, Osman nyuma yake. Alipita sebuleni, simu ikasema Sebule. Alipita jikoni, ikasema Jikoni. Akamwacha Osman kwenye ukumbi, akaingia chumba chake cha kulala, akasimama kando ya kitanda alicholala na Sellah miaka yote.

Stoo, kuna mtu.

Aliketi kitandani. Mtu aliyeingia kila jioni baada ya isha alikuwa yeye, akienda kulala. Mtu wa alfajiri alikuwa yeye, akiamshwa na adhana ile ile iliyomwamsha Osman. Na hakuhitaji kumuuliza mtu kwa nini Beth aliandika Stoo. Angeandikaje? Mkamwana gani aliyelelewa na watu angebeba katika simu yake maneno chumba cha kulala cha baba mkwe? Alitafuta jina lisilo na aibu, akakipa chumba kile. Na stoo ya kweli, kwa kuwa iko uani, akaiita Nje.

Kisha wazo jingine likamfanya asimame haraka. Mmiliki ni Beth. Basi naye simu yake ilikuwa ikimwambia kila jioni mkwewe amekwenda kulala, na kila alfajiri ameamka.

Osman alikuwa bado ukumbini. "Kwa hivyo ulikuwa unanivizia," alisema. Safari hii hakucheka. "Maharagwe yangu yamelala na mahindi yako tangu watoto wetu wakiwa shule, na unaniwekea rungu?"

"Simu ilisema kuna mtu."

"Simu haikusema Osman."

"Hapana," Wabwile alikubali. "Hilo nilisema mimi. Unisamehe."

Osman alielekea jikoni. "Chai ya leo naweka sukari mwenyewe. Na usinihesabie vijiko."

Walipomaliza chai, Wabwile alijaribu kubadilisha majina. Simu ilikataa, mgeni hana ruhusa. Kumpigia Hillary aeleze, Hillary angecheka, halafu angemgombeza Beth kwa jambo ambalo alilifanya kwa heshima. Kumpigia Beth mwenyewe azungumze naye habari za kitanda, hilo halikuwezekana hata kidogo. Akatoa karatasi, akaandika kwa mwandiko wake wa kusimama wima:

*Kwa mkamwana wangu Beth,*

*Nimekisoma kisanduku na nimekielewa. Taa nne hunitii, mradi swichi ya ukutani isiguswe. Mwizi niliyemtaja hayuko. Nilimtafuta mwenyewe nikampata hana hatia.*

*Naomba mambo mawili. Kwanza, uniandike mimi kuwa mmiliki, na simu yako ipumzike. Nikianguka, kisanduku kimwambie Hillary; yeye ni mwanangu na aliwahi kuniona hata nikiwa mgonjwa. Pili, kile kilichoitwa Nje, nitakiita Ghala. Ulichokiita Stoo ulikiita vizuri, na jina hilo nitaliacha lilivyo.*

*Mwambie mume wako nimeshinda mtihani wake, na makubaliano ni makubaliano. Pikapu isirudi bure Jumamosi. Apakie magunia mawili ya mahindi ya watoto. Nguo zangu sijazifunga.*

*Wabwile.*

Aliisoma mara mbili, akaweka nukta iliyokosekana. Kabla ya kutoka aliutazama mkono wa Osman uliokuwa na ufunguo wa pili, na mazoea ya siku zile yakamfanya ajiulize kama kufuli nyingine ingefaa. Akaliacha wazo hilo mlangoni.

Kwenye ofisi ya vifurushi, karani alimuuliza kwa nini asitume ujumbe wa simu, ungefika Bungoma sasa hivi.

"Simu ninayo," Wabwile alisema, akailamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, akamkabidhi.